Vipande Vitano vya Guka

Maneno "kumbukumbu pepe" nilikutana nayo mara ya kwanza kwa Kiingereza, kwenye pembe ya chini ya skrini, ndani ya saiba moja pale soko la Mukurweini. Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nafanya kazi ya kusaidia: kuchapa barua, kutoa fotokopi, kuwasha jenereta stima ikipotea. Jioni hiyo msichana mmoja kutoka upande wa Gikondi alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya tatu tangu saa tisa, anajaza fomu ya mkopo wa masomo. Fomu ilikuwa inafungwa saa sita usiku. Matatu ya mwisho ya kumrudisha nyumbani ilikuwa inaondoka saa moja.

Mashine ilikuwa ya mitumba, RAM yake megabaiti 256. Msichana alikuwa amefungua fomu, barua pepe, picha ya kitambulisho, barua ya chifu iliyopigwa skani, na nyuma ya hayo yote programu ya kuzuia virusi ilikuwa inaendelea na shughuli zake bila kuulizwa. Ghafla kila kitu kikaganda. Ukisogeza kipanya, kishale kinafuata baada ya nusu dakika. Taa ya diski ikawaka bila kupepesa na ndani ya kasha kukawa na mlio wa kukwaruza, kama panya anayetafuna gunzi. Ndipo ule ujumbe ukatokea: kumbukumbu pepe imepungua mno.

"Inatafuta," mwenye saiba akasema. "Iacheni itafute."

"Inatafuta nini?" msichana akauliza.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku hizi naandika programu Nairobi na jibu ninalo, lakini kila nikijaribu kulieleza najikuta nimerudi Mukurweini, kwenye shamba la Guka. (Nasema Mukurweini, mahali penye miti ya mikurwe, kusini mwa Nyeri. Wageni huichanganya na Mukurwe wa Nyagathanga iliyo Murang'a, ambako Gikuyu na Mumbi walianzia. Sisi hatuna hekaya hiyo. Tuna kahawa na ng'ombe wa maziwa.)

Programu yoyote ikianza kufanya kazi huambiwa uongo mmoja: kwamba kumbukumbu yote ya kompyuta ni yake peke yake, inaanzia sifuri, imenyooka bila pengo, na ni kubwa kuliko itakavyowahi kuhitaji. Ukweli ni kwamba RAM ni ndogo, wanaoigombea ni wengi, na sehemu iliyopewa programu hiyo ni vipande vilivyotapakaa huku na kule. Katikati ya uongo na ukweli amekaa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ameshika daftari. Kumbukumbu imegawanywa kurasa zenye ukubwa sawa, kwa kawaida baiti 4096, na daftari linasema: ukurasa ambao programu hii inauita namba 7, kwa kweli uko pale, ule inaouita namba 8, uko kule kabisa, na namba 9 hauko kwenye RAM, nimeupeleka kwenye diski. Programu ikiuliza namba 9, prosesa inasimama na kumwita kerneli. Kerneli anaenda diskini, anauleta ukurasa, anaandika upya daftari, na programu inaendelea bila kujua kwamba ililala. Nafasi ya kuweka ukurasa huo ikikosekana, lazima ukurasa mwingine utoke kwanza.

Hicho ndicho kompyuta ya tatu ilikuwa inatafuta. Kurasa za fomu ya msichana.

Uongo huu una mahali ulikozaliwa na una tarehe. Miaka ya 1950 mwandishi wa programu alikuwa na kumbukumbu mbili: ya haraka, iliyotengenezwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ambayo ilikuwa ghali na chache; na ya polepole, ngoma ya chuma iliyozunguka kwa kasi huku data ikiwa imeandikwa ubavuni mwake. Programu ikizidi ukubwa wa ile ya haraka, ni juu yako mwenyewe kuikatakata, kupanga kipande gani kiingie lini, kipi kitoke, na kuandika maagizo ya kuvihamisha. Watu walitumia wiki nyingi kwa kazi hiyo peke yake, na ukinunua mashine yenye kumbukumbu kubwa zaidi, unaanza upya.

Mjerumani Fritz-Rudolf Güntsch alikuwa ameliwaza suluhisho kwenye tasnifu yake huko Berlin katikati ya miaka hiyo, lakini walioliunda likafanya kazi ni kikundi cha Chuo Kikuu cha Manchester pamoja na kampuni ya Ferranti, wakiongozwa na Tom Kilburn. Kompyuta yao iliitwa Atlas. Ilizinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, mwaka mmoja na siku chache kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa Nairobi tarehe 12 Desemba 1963. Atlas ilikuwa na maneno 16,384 ya kumbukumbu ya haraka na 98,304 ya ngoma. Kilburn na wenzake waligawa yote kuwa kurasa za maneno 512. Hesabu hiyo inakupa kurasa 32 zinazoweza kukaa ndani kwa wakati mmoja na 192 zinazosubiri nje. Kwa kila nafasi kati ya zile 32 waliweka rejista ya kusema ni ukurasa gani umekaa hapo sasa hivi. Mwandishi wa programu aliona kumbukumbu moja tu, ndefu. Kuhamisha hakukumhusu tena.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu miaka ile ile ambayo Kilburn alikuwa anahangaika na vipande vyake, serikali ya kikoloni ilikuwa inahangaika na vyetu.

Guka alikuwa na vipande vitano vya ardhi. Kimoja kando ya mto, cha nduma na miwa. Kimoja juu ya kilima, cha njahi na viazi vitamu. Kimoja cha mbuzi. Kimoja penye nyumba. Cha tano alikuwa amempa muhoi, yaani mtu asiye wa mbari yake anayelima kwa ruhusa tu. Kutoka cha kwanza hadi cha mwisho ni mwendo wa asubuhi nzima ukipita kwa miguu, maana huku kwetu kati ya tuta na tuta kuna bonde, na bonde halina haraka. Mabwana shamba waliuita mpangilio huu upotevu. Hawakukosea kabisa: muda mwingi uliishia njiani, na huwezi kuzungushia ua vipande vitano. Lakini pia ulikuwa bima. Mvua ya mawe ikipiga kilimani, mto haujaguswa.

Mwaka 1954 ulitoka mpango wa R. J. M. Swynnerton wa kuimarisha kilimo cha Waafrika, na moyo wake ulikuwa huu: vipande viunganishwe, kila mtu apewe shamba moja, na shamba hilo liandikwe kwa jina lake. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Wakati wapimaji wanafika, zaidi ya watu milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishiwa vijijini kwa nguvu, wamezungushiwa mitaro na ulinzi, na maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Kamati za wazee zilikaa kusikiliza kipande gani ni cha nani. Vipande vikapimwa, vikajumlishwa, ikakatwa sehemu kwa ajili ya barabara, shule na soko, na kilichobaki ukapewa mahali pamoja. Kisha ramani ikachorwa na rejista ikaandikwa. Mwaka 1959 sheria ya kusajili ardhi za wenyeji ikafunga mlango: kilichoandikwa kimeandikwa.

Guka alikuwa kambini. Kaka yake mdogo ndiye aliyesimama mbele ya kamati kumsemea, na kwa maelezo ya Cucu alisema machache, kwa sababu wengi wa waliokaa mezani walikuwa upande wa serikali na kusema sana kulikuwa na bei yake. Guka alirudi akakuta ana shamba moja, kwenye mteremko, mbali na mto. Jumla ya ekari ilikuwa karibu sawa na ile ya zamani. Huwezi kusema kwamba hesabu ilikuwa ya uongo. Nduma, hata hivyo, hazioti mteremkoni. Muhoi naye hakupata kitu, kwa sababu rejista haikuwa na mahali pa kumwandika.

Sisemi kila mahali kulikuwa hivyo. Kuna waliopata ardhi nzuri, wakapanda kahawa, wakasomesha watoto, na leo hutasikia wakilalamika. Nako kule Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, kazi ilifanywa vibaya hadi ikabidi irudiwe.

Nilipokuwa nasoma jinsi kumbukumbu inavyosimamiwa, nilifika kwenye sura ya vipande, na nikaiweka kando nikatoka nje. Wenye kompyuta nao walikuwa na njia mbili. Ukimpa kila mtu sehemu yenye ukubwa anaotaka, kama walivyofanya watu wa Burroughs na mashine yao ya B5000 mwaka 1961, baada ya muda kumbukumbu inajaa mapengo madogo yasiyomtosha yeyote. Dawa mojawapo ni kusimamisha kazi, kuwasogeza wote upande mmoja, na kuyakusanya mapengo yawe uwanja mmoja. Yaani unahamisha watu. Ni kazi ghali, na wakati inafanyika hakuna anayelima.

Njia ya Manchester ni ya pili. Hakuna anayehamishwa ili shamba lake lionekane moja. Vipande vinabaki vilipo, popote pale, na daftari ndilo linalofanya kazi ya kuvishikanisha. Kwa mwenye programu, vipande vitano ni shamba moja lisilo na mpaka katikati, na kipande cha mtoni bado kiko mtoni.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Daftari la kurasa, kama lilivyoendelea kukua kwenye mifumo iliyofuata, lina alama ndogo kwa kila ukurasa: huyu anaweza kusoma, huyu anaweza kuandika, huyu haruhusiwi kabisa. Ukurasa mmoja wa RAM unaweza kuandikwa kwenye daftari za programu kumi, kila moja kwa masharti yake, na ndivyo maktaba za programu zinavyotumiwa na wote bila kunakiliwa mara kumi. Kwa lugha ya nyumbani, daftari la kompyuta linamjua muhoi. Ile kadi ya kijani kule kwenye ofisi ya ardhi haikumjua. Ina namba ya kiwanja, ina jina la mwenyewe, ina madeni na vizuizi. Mtu anayelima kwa ruhusa ya mdomo hana mstari.

Najua mfano wangu una kikomo. Ukurasa wa kumbukumbu ni sawa na ukurasa mwingine wowote, hauna mto wala jua la asubuhi, ndiyo maana unaweza kuuweka popote. Ardhi si hivyo, na nadhani hilo ndilo lililowaponyoka wapimaji: walihesabu ekari kama vile ekari zote ni kurasa.

Turudi Manchester, kwa maana uongo ule ulikuwa na deni. Nani atoke? Kurasa 32 ziko ndani, ya 33 inagonga mlango. Atlas ilikuwa na programu ya kujifunza ambayo kila baada ya maagizo 1024 ilipita ikikagua ni kurasa zipi zimeguswa tangu ukaguzi uliopita. Kutokana na kumbukumbu hizo ilikisia ni ukurasa upi utakaa muda mrefu zaidi bila kuhitajika, ikautoa huo mapema, ili daima pawe na nafasi moja wazi ya kumpokea mgeni. Kukisia tu. László Bélády wa IBM alionyesha mwaka 1966 kwamba uamuzi bora kuliko wote ni kutoa ukurasa utakaohitajika mbali zaidi siku zijazo, na kwa kuwa hakuna kerneli anayejua siku zijazo, wote waliomfuata wanakadiria kwa kutazama nyuma: asiyeguswa kwa muda mrefu huenda hatahitajika karibuni. Mara nyingi ni kweli. Kwa mtu aliye kambini si kweli.

Wenye mashine hawakuukubali uongo huu mara moja. Waandishi wa programu wa zamani waliamini kwamba mtu mwenye akili atapanga vipande vyake vizuri kuliko daftari lolote, na kwa miaka kadhaa walikuwa na ushahidi. Mwaka 1969 David Sayre wa IBM alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba upangaji wa mashine unakaribia ule wa binadamu kiasi kwamba hakuna tena sababu ya kumchosha binadamu. Agosti 1972 IBM ikatangaza kwamba mashine zake za System/370 zitatumia kumbukumbu pepe, na ubishi ukaisha. Ulikuwa umeisha kwa sababu nyingine pia: Peter Denning, mwanafunzi wa MIT, alikuwa mwaka 1968 ameeleza ule ugonjwa uliokuwa unaua mashine.

Ugonjwa wenyewe ndio ule nilioushuhudia sokoni. Kila programu, Denning alisema, kwa kipindi chochote ina kundi la kurasa inazozishika kwa zamu. Kundi lote likiwa ndani, kazi inaenda. Ukiingiza programu nyingi kiasi kwamba makundi yao hayatoshi, kila anayeleta ukurasa wake anamtoa mwenzake, na mwenzake akiamka anamtoa yeye. Mashine iko kazini asilimia mia na hakuna kinachofanyika. Kwa Kiingereza wanaita kwa jina la kupura nafaka. Kiswahili kina neno zuri zaidi: kutapatapa.

Hesabu yake inatisha. Kwenye Atlas, kuchota neno kwenye kumbukumbu ya haraka kulichukua mikrosekunde 2 hivi, na kwenye ngoma milisekunde 6 kwa wastani. Mara 3000. Tufanye kumbukumbu ya haraka ni mtungi wa jikoni na kuchota ni sekunde 1: ngoma ni kushuka mtoni na kupanda, dakika 50. Mtu wa Mukurweini anauelewa mwendo huo. Sasa chukua kompyuta ya saiba yetu: RAM kama nanosekunde 100, diski ya kuzunguka kama milisekunde 10. Mara 100,000. Mtungi sekunde 1, mto saa 27 na zaidi. Miaka karibu 50 ya maendeleo ilikuwa imesogeza mto mbali zaidi, kwa sababu RAM iliongezeka kasi na diski ikabaki na kichwa cha chuma kinachotembea. Waliokuwa na RAM nyingi hawakuuona mto. Sisi wa mitumba tulikuwa tunaishi njiani.

Msichana alipoanza kulia, mwenye saiba aliniambia nizime mtambo. Nilikataa, si kwa ujuzi, ni kwa vile fomu ilikuwa imejazwa kurasa nne na haikuwa imehifadhiwa. Nilibonyeza vitufe vitatu vya kuitisha orodha ya programu, nikangoja dakika kama sita itokee, nikaua ya virusi, nikaua barua pepe, nikaua picha. Taa ya diski ikapepesa. Ikazima. Fomu ikarudi ikiwa na kila kitu. Alituma saa moja na dakika ishirini, matatu imeshaenda, na mke wa mwenye saiba akamchukua akalale kwao.

Kuna mtu mwingine aliyewahi kukwama hivyo, na kukwama kwake kukaibadilisha dunia kidogo. Mwishoni mwa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa na kerneli changa iliyoitwa Linux. Mtu mmoja Ujerumani alimwandikia kwamba kompyuta yake ina megabaiti 2 tu, na kitafsiri cha lugha ya C hakitoshi ndani, kwa hiyo hawezi hata kuijenga hiyo Linux. Torvalds mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Lakini siku za Krismasi akakaa akaandika namna ya kupeleka kurasa diskini, na toleo 0.12 la Januari 1992 likatoka nayo. Prosesa ya Intel 386, iliyotoka 1985, ilikuwa tayari na vifaa vya daftari la kurasa, ikingoja mtu wa kuvitumia. Minix, mfumo wa kufundishia uliokuwa mshindani wake, haikuwa na jambo hilo, na Torvalds amesimulia kwamba hapo ndipo watu wengi walipoanza kuichukulia Linux kwa uzito. Napenda sana kwamba sehemu hiyo ya kerneli inayoendesha seva nyingi za leo iliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja asiye na RAM.

Baada ya hapo historia yake ni ya ugomvi, na nitaipita haraka. Septemba 2001, kwenye toleo 2.4.10, Torvalds aliing'oa kazi ya Mholanzi Rik van Riel na kuweka ya Mwitaliano Andrea Arcangeli, katikati ya mfululizo uliotakiwa kuwa tulivu. Seva za watu zilikuwa zinaganda na kila upande ulikuwa na vipimo vyake. Mawazo ya van Riel yalirudi baadaye kwa mlango mwingine. Wote wawili walikuwa wanajibu swali lile lile la Manchester: nani atoke.

Ila Linux ilikuwa imeongeza swali gumu zaidi. Kerneli yake hutoa ahadi kuliko ilichonacho. Programu ikiomba megabaiti 100 inaambiwa "sawa" papo hapo, na ukurasa wa kweli hautolewi mpaka uguswe. Ni kama chama: kila mwanachama ameahidiwa mkopo, na chama kinaishi kwa imani kwamba hawatakuja wote siku moja. Siku wakija, RAM imeisha na diski imejaa, kerneli huchagua programu moja na kuiua. Haihamishwi, haisubirishwi, inauawa na kazi yake inapotea. Andries Brouwer, Mholanzi mwingine, aliwahi kulikejeli jambo hili kwa mfano wa shirika la ndege linaloona ni nafuu kuruka na mafuta machache, na mafuta yakipungua lina utaratibu maalumu wa kuchagua abiria wa kumtupa nje. Uchaguzi hufanywa kwa alama. Programu kubwa ina alama nyingi. Msimamizi anaweza kuongeza au kupunguza, kuanzia hasi 1000 hadi chanya 1000, na mwenye hasi 1000 haguswi kamwe.

Simu za Android zimejengwa juu ya kerneli hiyo hiyo, na huku kwetu simu ndiyo kompyuta. Hazitumii diski kama kompyuta za zamani, maana kuandika sana kunachosha hifadhi yake. Badala yake kurasa zisizoguswa hukandamizwa na kubaki humo humo kwenye RAM, kazi iliyoanzishwa na Nitin Gupta na ambayo Android ilianza kuitegemea kwa simu za megabaiti 512 mwaka 2013. Isipotosha, kuna muuaji. Programu iliyo mbele ya macho yako inalindwa, iliyo nyuma ina alama mbaya zaidi, na iliyosahaulika inaenda kwanza. Desemba 2022 Linux 6.1 ilipokea utaratibu mpya wa Yu Zhao wa Google, unaopanga kurasa kwa vizazi, wazee na vijana, ili kukisia vizuri zaidi. Ni kazi nzuri, nimeisoma. Lakini alama hupangwa na watu ambao simu zao zina gigabaiti 12, na wanaouawa ni wale walio kwenye simu ya gigabaiti 1.

Mwaka 2019 nilimnunulia Cucu simu kama hiyo. Nimepewa jina la Guka, kwa hiyo Cucu huniita mume wake, na mume ana wajibu. Alichotaka ni kusikiliza redio ya Kikuyu akiwa jikoni. Nilimwekea programu ya redio na ya kupigiana simu kwa video. Kila nikimpigia, redio inakufa. Tukimaliza kuongea, haijirudishi, naye hajui kuifungua tena.

"Mume wangu," aliniambia Jumapili moja nilipofika nyumbani, "ukinipigia, nani anaizima redio?"

Nikamweleza. Nilitumia mfano wa kikapu kidogo na viazi vingi, nikasema ndani ya simu kuna karani anayeamua kipi kitoke, na kwamba ameona redio haitazamwi, akadhani haihitajiki.

Cucu aliendelea kumenya viazi. Mpaka leo, akitaka kumtuma mtoto nduma, husema "nenda shamba la mtoni", na mtoto anayejua anaenda sokoni, kwa sababu shamba la mtoni liko kwenye kadi ya watu wengine tangu kabla baba yangu hajaanza shule.

"Sikuwa naitazama," akasema. "Nilikuwa naisikiliza. Huyo karani hakuuliza?"

Wiki iliyofuata nilimletea redio ya betri.